Utando, Gamba na Kobalti: Historia ya Kinga ya Metali katika Vinu vya Nyuklia vya Joto Kali

Wanapozungumza juu ya madini ya Katanga, wasomi wetu hupenda kuitaja Kolwezi ya mwaka 1978. Husemwa kwamba vita vile vya mwezi wa Mei viliwatia hofu wenye viwanda wa Ulaya na Marekani, na kwamba tangu hapo wakaanza kuikimbia kobalti yetu. Kauli hiyo ina ukweli wake, nasi tutaueleza mahali pake. Lakini upo uwanja mmoja ambamo kauli hiyo haisimami, nao ni ule wa vinu vya nyuklia vya joto kali, yaani vile vinavyopozwa kwa gesi ya heliamu na kutoa joto la nyuzi 700 hadi 950 za Selsiasi. Humo kobalti ilikwisha kutiliwa shaka kabla risasi ya kwanza haijalia Kolwezi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, kwa kufuata historia ya jambo dogo ambalo waandishi wa historia ya nyuklia hulipita haraka: tabaka gumu linalovishwa metali ili isilike inaposuguana na metali nyingine.

Jambo hili latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, urani ya Shinkolobwe na kobalti ya Likasi na Kolwezi zilitoka katika ardhi moja, na ni ajabu kidogo kwamba ndani ya kinu ndugu hao wawili hawapatani. Pili, mwanafunzi anayetaka kuyasoma mambo haya kwa Kiswahili hukwama tangu neno la kwanza. Basi tuanze na maneno.

Kutu, utando na gamba

Kiswahili kina neno kutu, nalo limebeba lawama tupu. Kutu hula jembe, hula bati la nyumba, hula msumari. Hakuna anayeishukuru. Hata hivyo karibu kila metali tunayoishika imefunikwa na tabaka jembamba la oksidi lisiloonekana kwa macho, na tabaka hilo ni binamu wa kutu. Tunaposema kwamba kisu fulani hakishiki kutu, maana yake halisi ni kwamba kisu hicho kilishika kutu ya aina yake mara tu kilipokutana na hewa, kisha kikakoma: kromi iliyomo ndani yake iliungana na oksijeni, ikafanya ngozi nyembamba mno inayouzuia ulaji usiendelee. Ukikikwaruza kisu hicho, ngozi hujirudisha yenyewe kabla hujakirudisha mezani.

Tabaka hili linalojifanya lenyewe tutaliita utando, kwa mfano wa utando unaotokea juu ya maziwa yaliyochemshwa. Tabaka ambalo fundi huliweka kwa makusudi tutaliita gamba. Neno mpako lingeweza kufaa, lakini mpako hutupeleka kwenye rangi na chokaa, hali kitu tunachokisema ni kigumu kuliko chuma chenyewe kilichovishwa. Aidha, gamba lina faida nyingine kwa mwalimu: nyoka hujivua gamba, na tutaona kwamba magamba ya vinu nayo yana tabia hiyo, jambo lililowasumbua sana wahandisi.

Tofauti kati ya utando na gamba ndiyo ufunguo wa historia yote inayofuata. Pale ambapo utando waweza kujirudisha, gamba si la lazima sana. Pale ambapo utando umenyimwa oksijeni, metali hubaki uchi.

Gesi isiyofanya lolote

Wazo la kukipoza kinu kwa heliamu lilivutia watu wengi katika miaka ya 1950. Maji huchemka, huhitaji kukandamizwa kwa nguvu nyingi ili yabaki maji katika joto la nyuzi 300 na zaidi, tena hula metali. Dioksidi ya kaboni, iliyotumiwa na Waingereza katika vinu vyao vya kwanza, huishambulia grafiti joto linapozidi. Heliamu haiungani na kitu chochote, wala haigeuki kuwa sumu ya mionzi inapopita katikati ya nyutroni. Kwa maneno mengine, ilichaguliwa kwa sababu haifanyi lolote.

Mwezi wa Machi 1959 nchi kadhaa za Ulaya zilitia sahihi mapatano ya kujenga kwa pamoja kinu cha namna hiyo huko Winfrith, kusini mwa Uingereza. Kiliitwa Dragon, kikawashwa mwaka 1964, na heliamu yake ilitoka kwenye kiini ikiwa na joto la nyuzi 750. Marekani ilijenga kinu cha Peach Bottom katika jimbo la Pennsylvania, kilichofanya kazi hadi 1974. Ujerumani ya Magharibi ilijenga kinu cha AVR huko Jülich kwa mawazo ya Rudolf Schulten: badala ya fito za fueli, kiini chake kilijazwa matufe ya grafiti yapatayo 100,000, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 6, yaani kama mpira mdogo wa kuchezea. Kiliwashwa mwaka 1966, na mwaka 1974 kikafikisha joto la nyuzi 950.

Hapo ndipo ile sifa ya heliamu ilipogeuka kuwa taabu. Gesi isiyofanya lolote hairudishi utando uliokwaruzwa. Katika hewa, vipande viwili vya metali vinavyosuguana havigusani kwa kweli. Tando zao ndizo zinazogusana, na kila mkwaruzo huponywa papo hapo. Katika heliamu, utando ukishatoka umetoka. Metali tupu hukutana na metali tupu, na katika joto la nyuzi 700 atomi za upande huu na za upande ule hazijui tena mpaka uko wapi. Vipande hivyo hulehemeka vyenyewe, bila moto wala fundi. Ukivilazimisha kutengana, kimoja hunyofoa nyama ya mwenzake.

Msomaji aweza kuuliza: kwani ndani ya kinu kuna nini cha kusuguana, ikiwa hakuna magurudumu? Jibu ni joto lenyewe. Bomba la aloi lenye urefu wa mita 10 likipashwa joto kwa nyuzi 700 hurefuka kwa sentimita 11 hivi. Haliwezi kufungwa kabisa. Sharti lipewe mahali pa kuteleza. Mabomba ya kuzalishia mvuke hupita katika vishikizo na kutikisika humo saa zote kwa nguvu ya upepo wa heliamu. Bamba za kuzuia joto hupandana na kushukiana kila kinu kinapowashwa na kuzimwa. Ziko vali, ziko bolti, ziko minyororo na magurudumu madogo ya fito za kudhibiti. Mwendo wa milimita chache, mara nyingi, kwa miaka 30 au 40: huo ndio msuguano wa kinu.

Tena heliamu ya kinu si safi kabisa. Humo mna hidrojeni, monoksidi ya kaboni, methani na mvuke wa maji, sehemu chache tu katika milioni. Kiasi hicho ni kidogo mno kuweza kuulisha utando ipasavyo, lakini chatosha kuitia metali kaboni nyingi ikawa kama kioo, au kuinyang'anya kaboni yake ikalegea, kutegemea gesi ipi imezidi ipi. Wataalamu wa Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani walitumia zaidi ya miaka 20 wakiyapima mambo haya katika matanuri ya majaribio.

Kobalti ndani ya kinu

Mhandisi wa mwaka 1960 aliyetaka kuzuia metali isilike alikuwa na jibu lililozoeleka, nalo lilikuwa Stellite. Aloi hii ya kobalti na kromi ilibuniwa na Elwood Haynes wa mji wa Kokomo, jimbo la Indiana, aliyepata hataza zake za kwanza mwaka 1907, kisha mwaka 1913 akaipatia hataza aloi iliyoongezwa tungsteni. Haynes alitaka visu visivyochakaa. Akapata metali inayobaki ngumu hata ikiwa nyekundu kwa moto. Kobalti ya wakati huo ilitoka hasa Kanada, katika machimbo ya Ontario. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilipoanza kutoa kobalti kutoka mawe ya shaba ya Katanga, Kanada ilipitwa, na tangu hapo, kwa sehemu kubwa ya karne, aliyesema Stellite alisema Katanga, ajue asijue. Katika aina inayotumiwa zaidi, kobalti ni karibu asilimia 60 ya uzito wote. Fundi huiyeyusha juu ya kiti cha vali kwa unene wa milimita kadhaa, kisha huisaga ikawa laini.

Basi kwa upande wa ugumu Stellite ingeweza kufanya kazi sehemu nyingi za kinu cha heliamu. Kilichoikataa ni kitu kingine. Kobalti ya asili yote ni ya aina moja, kobalti 59, nayo ina tamaa kubwa ya nyutroni. Ikipokea nyutroni moja huwa kobalti 60, inayotoa mionzi mikali ya gama, na nusu-maisha yake ni miaka 5.27. Muda huo ni wa bahati mbaya: si mfupi kiasi cha kusubiriwa uishe wakati kinu kimezimwa kwa matengenezo, wala si mrefu kiasi cha mionzi kuwa hafifu. Hospitali ziliipenda kobalti 60 kwa kutibu saratani kwa sababu zile zile zilizomfanya fundi wa kinu aiogope.

Katika vinu vya maji habari hii ilijulikana mapema. Chembe ndogo zilizolika kutoka viti vya vali vya Stellite zilichukuliwa na maji hadi kwenye kiini, zikapigwa na nyutroni, kisha zikarudi na kuganda ndani ya mabomba ambamo wafanyakazi walipaswa kuingia. Vali yenyewe ilikuwa mbali na kiini, lakini vumbi lake lilisafiri. Katika kinu cha heliamu hakuna maji ya kulisafirisha, ila vumbi la grafiti lipo, hasa katika vinu vya matufe, nalo husafiri kwa upepo. Zaidi ya hayo sehemu nyingi zinazohitaji gamba ziko karibu na kiini. Kuivisha sehemu ya namna hiyo Stellite ni kumwandalia mionzi fundi atakayekuja kuitengeneza.

Hivyo urani ya Katanga ilipowasha moto, kobalti ya Katanga iliambiwa ikae mbali na jiko.

Mzinga wa milipuko

Jibu jingine lilikuwa limekwisha kupatikana, na kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wahandisi wa idara ya Linde ya kampuni ya Union Carbide walibuni chombo ambacho tutakiita mzinga wa milipuko. Hataza yake ilitolewa Marekani mwezi wa Agosti 1955. Ni bomba lenye urefu wa mita moja hivi na tundu la sentimita 2.5. Hujazwa oksijeni na asetilini pamoja na unga wa madini magumu, kisha cheche huwasha mchanganyiko. Mlipuko huusukuma unga kwa kasi ya mita 700 hadi 800 kwa sekunde, ukiwa umelainika kwa moto, mpaka ugonge chuma kilicho mbele. Nitrojeni huingia kusafisha bomba, na mlipuko mwingine hufuata, mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kila mlipuko huacha kiraka cha mviringo chenye unene wa maikromita chache tu. Viraka hupandana mpaka gamba lifikie kama sehemu ya kumi ya milimita. Kelele yake ni kubwa hata kazi hufanywa ndani ya chumba chenye kuta nene, fundi akiwa nje.

Ubora wa njia hii ni kwamba chuma kinachovishwa chenyewe hakipati moto mkali. Hakipindi, wala hakichanganyiki na gamba kama inavyotokea kwa Stellite. Na kwa kuwa hakuna kuyeyusha pamoja, fundi aweza kuchagua unga karibu wowote.

Unga uliochaguliwa kwanza viwandani ulikuwa kabidi ya tungsteni iliyoshikwa kwa kobalti. Kwa kinu cha joto kali haukufaa. Mbali na kobalti yake, kabidi ya tungsteni huharibika joto likipita nyuzi 500 hivi, tena hurefuka kidogo sana inapopashwa moto, chini ya nusu ya aloi za nikeli. Gamba na mwili vinapopishana hivyo kila kinu kinapowashwa na kuzimwa, siku moja gamba hubanduka, nyoka amejivua. Kabidi ya kromi iliyoshikwa kwa aloi ya nikeli na kromi haina ugumu wa kiasi kile, lakini hustahimili nyuzi 850 hivi, urefukaji wake unakaribia ule wa chuma kilicho chini yake, na haina kobalti. Hizo ndizo sababu zilizoifanya ichunguzwe kuliko nyingine zote, hasa katika maabara za General Atomic huko San Diego, kampuni iliyojenga Peach Bottom na baadaye Fort St. Vrain.

Tarehe za uchaguzi huu ndizo zinazotoa hukumu juu ya hoja ya Kolwezi. Ushahidi mzuri watoka katika kinu cha jamaa ya karibu, FFTF cha Hanford, kilichopozwa kwa sodiamu. Sodiamu iliyoyeyuka nayo huunyima utando oksijeni, kwa hiyo tatizo ni lile lile. Pedi ambazo mabomba ya fueli ya kinu hicho hugusania zilivishwa kabidi ya kromi. Ujenzi wa FFTF ulimalizika mwaka 1978 wenyewe na kikawashwa mwezi wa Februari 1980; majaribio ya kuchagua gamba lake yalifanywa katika miaka iliyotangulia. Mtu hawezi kukikimbia kitu ambacho bado hakijatokea.

Hapa tuseme neno juu ya Union Carbide, kwani historia yake ni kama mkutano wa njia. Kampuni hiyo iliinunua Stellite kwa Haynes mwaka 1920. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndiyo iliyoendesha mtambo wa K-25 wa Oak Ridge, ambako urani, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, ilitenganishwa kwa ajili ya bomu. Na ni idara yake iliyobuni mzinga uliokuja kuifungia Stellite mlango. Bidhaa za Katanga zilipita katika mikono ile ile mara tatu, na hakuna hata mara moja ambapo maarifa yalirudi yalikotoka pamoja na fedha.

Yaliyotokea vinuni

Haingefaa msomaji adhani kwamba gamba lilimaliza matatizo. Kinu cha Fort St. Vrain katika jimbo la Colorado, kilichowashwa mwaka 1974 na kuzimwa kabisa mwaka 1989, kilisumbuliwa na kitu ambacho hakuna kabidi ingekizuia. Beringi za mashine za kuzungusha heliamu zililainishwa kwa maji, na maji hayo yakavuja mara kwa mara hadi ndani ya kinu. Waliiogopa metali kavu wakaipa maji. Maji yakaleta kutu. Mwezi wa Juni 1984 kinu kilipaswa kuzimwa kwa ghafla, na jozi 6 za fito za kudhibiti kati ya 37 hazikushuka zenyewe.

Huko Hamm-Uentrop, Ujerumani, kinu cha THTR-300 kilichojazwa matufe yapatayo 670,000 kilitoa funzo jingine. Fito zake zilisukumwa moja kwa moja katikati ya matufe, na msuguano katika heliamu ulikuwa mkubwa mno hata matufe mengi yakavunjika. Ili kuupunguza, gesi ya amonia iliingizwa katika kiini. Tendo hilo lastahili kutazamwa kwa makini: ni kukiri kwamba sehemu kavu na tupu zahitaji kitu cha kukaa juu yake, na kama si gamba wala utando, basi gesi yoyote itakayokubali kushikamana nazo. Baadaye vichwa vya bolti kadhaa zilizoshikilia bamba katika njia za gesi ya moto vilikutwa vimekatika. Kinu hicho kilisimama mwaka 1988, na mwaka 1989 ikaamuliwa kisiwashwe tena. AVR ilikuwa imefungwa siku ya mwisho ya mwaka 1988.

Kolwezi

Sasa turudi Kolwezi. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, waliokuwa na makao yao Angola, waliingia mjini. Tarehe 19 askari miavuli wa Ufaransa walishuka, wakafuatwa na Wabelgiji. Watu mamia kadhaa, wenyeji na wageni, waliuawa. Jimbo liliitwa Shaba wakati huo, na Gécamines yake ilikuwa ikitoa karibu nusu ya kobalti ya dunia. Bei rasmi, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka, ilifika dola 25 mwezi wa Februari 1979.

Wanaoitegemea hoja ya vita husahau mambo mawili. Serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kuuza kobalti ya ghala zake mwaka 1976, na reli ya Benguela ilikuwa imefungwa kwa vita vya Angola tangu 1975. Soko lilikuwa kavu kabla ya cheche. Na kinyume cha inavyodhaniwa, kobalti iliyotoka Zaire mwaka 1978 haikupungua kuliko ya mwaka 1977 bali iliongezeka, ingawa sehemu yake ilibidi isafirishwe kwa ndege. Hofu ndiyo iliyopanda bei, si uhaba.

Lakini hofu nayo hufanya kazi. Fedha za utafiti zilimiminwa. Watengenezaji wa sumaku waliacha kobalti pale walipoweza, na mwaka 1983 sumaku mpya za neodimi, chuma na boroni zilitangazwa Japani na Marekani. Wajenzi wa injini za ndege walitafuta aloi zenye kobalti kidogo. Katika vinu vya maji, taasisi ya EPRI ya Marekani ilikuza katika miaka ya 1980 aloi ya chuma iliyoitwa NOREM ishike nafasi ya Stellite katika vali. Hata hivyo tukisoma sababu zilizotolewa kwa ajili ya NOREM, kobalti 60 ndiyo inayotajwa kwanza, kwa ajili ya afya ya wafanyakazi. Kwa maoni yetu, Kolwezi iliharakisha hukumu katika viwanda vingine. Katika vinu ilizikuta karatasi zimekwisha kuandikwa.

Utando warudi

Baada ya vinu vya Ujerumani na Marekani kuzimwa, kazi iliendelea Japani. Kinu cha HTTR cha Oarai kiliwashwa mwaka 1998 na mwezi wa Aprili 2004 kikatoa heliamu yenye nyuzi 950. Kwa joto hilo kabidi ya kromi imefika mwisho wa uwezo wake, na watafiti waligeukia magamba ya zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, yaliyopulizwa kwa moto wa plasma. Lakini hatua iliyotuvutia zaidi ni nyingine. Wajapani waliichukua aloi ya nikeli iitwayo Hastelloy X wakabadilisha kidogo viungo vyake, hasa manganizi na silikoni, wakaipa jina la Hastelloy XR. Manganizi hupanda juu na kufanya pamoja na kromi utando mzito unaoweza kuishi hata kwa ule mvuke kidogo uliomo katika heliamu chafu. Badala ya kuivisha metali gamba, waliifundisha kuotesha utando wake. Na katika aloi hiyo hiyo walipunguza kobalti.

Wajerumani, kwa upande wao, walipendelea kwa vibadilisha joto aloi ya Inconel 617, yenye nguvu sana katika joto kali, na ambayo ina kobalti ya asilimia 12 hivi. Sehemu hizo ziko mbali na nyutroni. Kobalti iliyofukuzwa mlangoni iliingia kwa dirisha, si juu ya metali bali ndani yake.

Kwetu sisi historia hii ina tarehe nyingine. Mwezi wa Juni 1959, miezi mitatu baada ya mapatano ya Dragon, kinu cha TRICO I kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kwa juhudi za rekta wake Luc Gillon, aliyekuwa padre na mwanafizikia. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika. TRICO II kilikifuata mwaka 1972, kikazimwa mwaka 2004. Vilikuwa vinu vidogo vya mafunzo na utafiti. Maji yake hayakufikia hata joto la kuchemsha chai, na suala la gamba halikuzuka humo. Waliofunzwa pale walijifunza fizikia ya nyutroni. Ufundi wa metali katika joto kali, ambao ndio ungewafaa watu wa nchi ya kobalti, ulifundishwa Kokomo, Jülich na Oarai.

Leo mahali penye kazi hiyo ni China. Kinu kidogo cha HTR-10 cha Chuo Kikuu cha Tsinghua kiliwashwa mwaka 2000. Huko Shidaowan, jimbo la Shandong, mtambo wa HTR-PM wenye vinu viwili vya matufe uliunganishwa na gridi ya umeme mwezi wa Desemba 2021, ukaanza kazi ya kibiashara mwezi wa Desemba 2023. Nchi hiyo hiyo husafisha sehemu kubwa ya kobalti inayotoka Katanga na Lualaba, ila haiipeleki vinuni; huipeleka katika betri. Na kwa mashine za kuzungusha heliamu, zile zilizoiangusha Fort St. Vrain, wahandisi wa Kichina wamechagua njia ya tatu: mhimili wake huelea katikati ya sumaku za umeme, haugusi kitu, hauhitaji maji, mafuta wala gamba. Chini yake zimewekwa beringi za akiba, kavu, zenye tabaka la kinga. Umeme wa sumaku ukikatika, mhimili huangukia juu yake ukiwa bado unazunguka kwa kasi, na hapo ndipo tabaka hilo hutakiwa kufanya kazi, mpaka mhimili usimame.